AC na mafuta: namba zimetulia, ila mlima bado unanitesa

Napima AC inakula mafuta kiasi gani, kwa programu ya simu inayosoma kompyuta ya gari, na hatimaye nina namba ninayoweza kuitetea. Toyota IST ya karibu cc 1,500, gari limesimama, injini imeshapata moto, iko sailensi (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta): hewa inayoingia ni kama gramu 2 kwa sekunde. Washa AC mchana wa Moshi, inapanda hadi karibu 3. Kwa uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli, na lita ya petroli yenye takriban gramu 740, hiyo ni lita 0.66 kwa saa bila AC, na lita moja kasoro chembe ikiwaka. Theluthi ya lita kila saa. Kwenye foleni ya kilomita 10 kwa saa, hizo ni zaidi ya lita 3 kwa kilomita 100!

Barabarani ndiko nilikohangaika. Nikienda Moshi na AC, mafuta kidogo. Nikirudi Arusha bila AC, mengi. Ukizisoma hivyo hivyo, AC inaokoa mafuta. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi kama 900. Kupandisha kilo 1,100 mita hizo 500 kunataka megajuli 5.4, na lita ya petroli, ikishapita kwenye injini, inakuachia kama 8 tu za kusukuma gari. Kwa hiyo kupanda peke yake ni zaidi ya nusu lita, kupita hata AC ya saa moja na nusu ya safari. Sasa nalinganisha kupanda na kupanda, kushuka na kushuka, basi.

Halafu kuna kushuka kwenyewe. Ukiachia mguu, kompyuta inafunga nozeli zinazopulizia petroli. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na kompresa, ile pampu ya gesi ya AC, inazunguka bure. Lakini hewa bado inapita, na programu ya simu inakokotoa mafuta kutokana na hewa, kwa hiyo inaniandikia petroli ambayo haikuchomwa. Hilo limeninyima usingizi kuliko mlima. Dawa: kwenye jedwali langu nimeongeza safu ya sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa eksozi. Volti zikianguka karibu na sifuri huku mguu uko juu, mstari huo naupa sifuri. Kwa mkono, ndiyo, na inachosha.

Visomeo vya OBD (vile vinavyochomekwa kwenye soketi ya kompyuta ya gari) vya bei chee vya blututhi, ukiviomba vipimo vinne kwa mpigo vinaanza kugugumia. Nachukua viwili tu, spidi naipata kwenye GPS. Kupima kwa kujaza tangi sheli nimeachana nako. Pampu moja inakata mapema, nyingine inachelewa, na tofauti ninayoitafuta ni nusu lita.

Jaribio la madirisha wazi badala ya AC nimeliweka pembeni. Toka Tengeru hadi Maji ya Chai, kwenye barabara hiyo ya Moshi, ni vibao vya 50 kila hatua, upepo haupati nafasi ya kulivuta gari. Isitoshe fundi wangu wa mtaa wa Unga Limited kanivuruga: "Kaka, acha simu, kaangalie kondensa." Nimeiangalia, hiyo rejeta ya AC iliyo mbele ya gari. Imejaa vumbi na wadudu, joto litatokaje? Joto lisipotoka presha inapanda, na kompresa inaibia injini nguvu zaidi. Nimeiosha taratibu kwa maji ya presha ndogo, maana yale mapezi yanapinda kirahisi, na tayari gramu 3 ile imeshuka kidogo. Jumamosi naazima geji za kupima presha ya gesi ya AC nione upande wa presha ya juu unasemaje.