Majina mia moja kamili

Orodha iliyorudi ilikuwa na majina mia moja kamili, wala moja kuzidi wala moja kupungua, na ukamilifu huo ndio ulionitia shaka. Nilikuwa nimeiagiza zana ya akili unde initajie akaunti zote za watumiaji zilizomo katika FreeIPA, mfumo ninaoutumia kusimamia utambulisho kwenye seva zangu za Linux, nayo ikaniletea jedwali safi lenye majina, makundi na hali ya kila akaunti, pamoja na sentensi ya utangulizi iliyosema kwamba hizi ndizo akaunti zote. Kwa bahati nilikumbuka akaunti ya mfanyakazi mmoja niliyoifungua wiki iliyotangulia. Nikaitafuta katika jedwali, haikuwamo.

Kosa lilikuwa langu. Zana hiyo huufikia mfumo kupitia daraja dogo nililoliandika mwenyewe kwa kufuata Model Context Protocol, itifaki ambayo kampuni ya Anthropic iliitangaza Novemba 2024 ili programu za akili unde ziweze kuita huduma za nje kwa utaratibu mmoja. FreeIPA, isipobadilishwa mipangilio, hurudisha matokeo yasiyozidi 100 kwa kila utafutaji, na katika jibu lake huweka alama inayosema kuwa orodha imekatwa. Daraja langu lilichukua majina likaitupa alama. Akili unde haikuwa na namna ya kujua kwamba kuna kilichobaki, ikasema "zote" kwa sababu neno hilo nililitumia mimi katika swali.

Vikomo vya namna hii vipo karibu kila mahali. OpenLDAP, programu nyingine ya saraka ya watumiaji, huishia kwenye maingizo 500 kwa mpangilio wake wa awali, na Active Directory, saraka ya Microsoft, hutoa 1,000 kwa ukurasa mmoja, kisha humtaka mwulizaji aombe ukurasa unaofuata. Tangu siku ile, nikiona 100, 500 au 1,000 katika hesabu ya watumiaji, huichukulia kuwa kikomo mpaka nithibitishiwe vinginevyo.

Baada ya kurekebisha daraja, nilikutana na jambo gumu zaidi, nalo ni maana yenyewe ya "akaunti zote". Niliiomba zana isome akaunti za seva moja badala ya mfumo mzima, ikatumia amri ya getent passwd, inayotoa orodha ya akaunti za seva, ikaniletea root, daemon, nobody mwenye namba ya utambulisho 65534, na akaunti nyingine za mfumo ambazo kwa kawaida namba zake huwa chini ya 1000. Watu halisi hawakuonekana, ilhali nilijua kuwa wanaingia katika seva hiyo kila siku. Sababu ni kwamba SSSD, programu inayoiunganisha seva na FreeIPA, kwa kawaida haikubali kuorodhesha watumiaji wote kwa mkupuo. Ukiitajia jina la mtu mmoja itamleta, lakini ukiiomba umati itanyamaza. Kwa hiyo seva inaweza kumfungulia mlango mtu ambaye hayumo katika orodha yake yenyewe. Sasa humwagiza msaidizi huyu wa akili unde asome sehemu mbili, saraka kuu ya FreeIPA na faili ya /etc/passwd yenye akaunti za kila seva yenyewe, kisha aandike kila jina limetoka wapi.

Hali ya akaunti nayo ina mtego wake. Amri ya kufunga, passwd -l, huweka alama ya mshangao mbele ya nywila iliyofichwa katika /etc/shadow, faili ya nywila za seva, na akili unde ikiiona huripoti kuwa akaunti imefungwa. Kilichofungwa ni nywila tu. Mwenye ufunguo uliosajiliwa wa SSH, njia ya kuingia katika seva kutoka mbali, huenda bado akaingia bila kuulizwa chochote, ndiyo maana anayetaka kuifunga akaunti kweli huiwekea pia tarehe ya kwisha muda iliyokwishapita. Niliposisitiza, zana ilinieleza tofauti hiyo vizuri sana. Ilikuwa inaijua, ila haikuona haja ya kuisema mpaka ilipoulizwa.

Zipo hatari mbili nyingine ambazo sikuzifikiria mwanzoni. Kwenye mifumo mingi ya Linux, mtumiaji anaweza kubadilisha baadhi ya maelezo yake kwa amri ya chfn, na maelezo hayo huonekana katika orodha. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika hapo maneno yaliyo kama agizo, akitumaini kwamba akili unde itayatii badala ya kuyasoma kama data. Vilevile, orodha hiyo ni majina ya watu, na ikiwa modeli, yaani akili unde yenyewe, inaendeshwa kwenye seva za kampuni nyingine, majina hayo yanatoka nje ya himaya yangu. Nimeondoa anwani za barua pepe na namba za simu katika kile ambacho daraja hukipitisha, nami nimelipa daraja ruhusa ya kusoma peke yake.

Daraja jipya huhesabu kwanza, hupitia kurasa zote, kisha hulinganisha hesabu mbili kabla ya kukabidhi chochote, na zisipolingana hurudisha kosa badala ya jedwali. Kufunga akaunti bado ninakufanya mwenyewe.