Bahasha Saba za Mama

Mlinzi alipuliza filimbi mara mbili kabla sijatambua kwamba anayepigiwa filimbi ni mama yangu.

Tulikuwa Sardi, nchini Uturuki, Septemba 2017, watu 23 kutoka Machame. Mbele yetu kulikuwa na hekalu la Artemi, mungu wa kike wa kale, nguzo mbili tu bado zimesimama na vichwa vyake, nyingine zimekatika kama migomba baada ya upepo. Kwenye kona ya hekalu hilo Wakristo wa zamani walijenga kikanisa kidogo cha matofali, kidogo hata kuliko jiko la shule. Wenzangu walikuwa wanapiga picha na nguzo. Mama, miaka 68, kitenge cha Umoja wa Wanawake na raba nyeupe nilizomnunulia Arusha, alikuwa amepiga magoti pembeni ya kikanisa, mkono umezama kwenye ufa wa ukuta hadi kiwiko.

Mlinzi alifika kabla yangu. Alikuwa kijana, na nadhani alidhani Mama anachomoa jiwe. Kumbe Mama alikuwa anaingiza kitu. Akamwonyesha kwa ishara autoe mkono, na mkono ulipotoka ulikuwa na bahasha ya sadaka, zile ndogo za kaki tunazogawiwa kanisani mwanzo wa mwaka. Juu yake, kwa kalamu ya bluu: SARDI.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, na aibu ikanipanda, maana kosa lilikuwa langu.

Mimi ndiye niliyekuwa mtunza hazina wa msafara. Akina mama walikuwa wameweka akiba miaka miwili, na kampuni iliyotuuzia safari ilituletea ratiba ya Kiingereza. Nikaitafsiri usiku mmoja, haraka haraka. Siku ya kwanza: kutembelea Kanisa la Smirna. Siku ya pili: Kanisa la Pergamo na Kanisa la Thiatira. Hivyo hivyo hadi yalipokwisha makanisa yote saba yanayoandikiwa barua katika kitabu cha Ufunuo. Niliisoma mbele ya jumuiya nyumbani kwa Mama, wakaitikia "Amina" kila nilipotaja kanisa. Haikunijia kabisa kuongeza neno "magofu". Mimi nilikuwa nimeshaangalia picha kwenye simu. Wao hawakuwa wameangalia.

Sasa kwetu Mkristo akienda kusali usharika mwingine hafiki mikono mitupu. Atasimama wageni wanapoitwa, atasema "Bwana Yesu asifiwe", ataleta salamu za alikotoka, na kama ametumwa na kundi atakuwa na bahasha. Jumuiya ikamtuma Mama. Makanisa saba, bahasha saba. Wakachanga, wakaandika na barua, na wakakubaliana wasiniambie kwa kuwa, kama Mama alivyonieleza baadaye, "wewe ungeanza kutupigia hesabu".

Mlinzi alifungua ile ya Sardi. Zilitoka noti tatu za elfu mbili, sarafu mbili za mia mbili, na kikaratasi cha daftari kilichokunjwa mara nne. Aligeuza noti, akamwona simba, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Kiongozi wetu, Mturuki aliyelijua Agano Jipya kuliko baadhi yetu ingawa yeye ni Mwislamu, alikuja anakimbia. Baba Mchungaji akasoma kikaratasi kwa Kiswahili, akakigeuza Kiingereza, kiongozi akakigeuza Kituruki. "Kwa ndugu zetu wa Sardi. Tunawasalimu katika jina la Bwana. Sisi huku hatujambo, mvua za vuli tunazisubiri. Pokeeni kidogo hiki." Mlinzi alirudisha kila kitu ndani ya bahasha, akaikabidhi kwa mikono miwili, akasema maneno ambayo kiongozi aliyafupisha: hairuhusiwi kuacha kitu ukutani, lakini amtunze huyu mama.

Kwenye basi nilimkalia karibu. Nilitaka kugomba, nikashindwa nianzie wapi.

"Mama, na zile nyingine?"

Akazitoa kwenye mkoba, zimefungwa kwa mpira wa nywele. Ya Smirna haikuwepo. Smirna ndiyo Izmir ya leo, na pale kweli tulikuta kanisa, la Wakatoliki, limepewa jina la Polikarpo, yule askofu mzee aliyekataa kumkana Bwana aliyemtumikia miaka 86, wakamuua. Limejengwa karne ya 17 na bado watu wanasali humo. Mama alikuwa ametumbukiza bahasha kwenye sanduku la sadaka akatoka ameridhika, akiamini safari yote itakuwa hivyo. Nilijiuliza siku ya kufungua sanduku walimfikiriaje yule simba.

Kesho yake Pergamo. Kanisa huko ni jumba kubwa la matofali mekundu, lililojengwa karne ya 2 kwa ajili ya miungu ya Wamisri, baadaye Wakristo wakalitumia, na sasa mnara wake mmoja wa mviringo ni msikiti. Alizunguka akitafuta mlango wenye watu, akarudi na bahasha yake. Kule juu mlimani kiongozi alituonyesha msingi wa madhabahu ya Zeu, mawe matupu na miti ya misonobari, akasema madhabahu yenyewe ilichukuliwa na Wajerumani, iko Berlin. Mama aliguna. "Kumbe na huku walibeba." Alikuwa anamkumbuka yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria aliyechimbwa Tendaguru kule Lindi, ambaye naye yuko hukohuko Berlin. Thiatira ndiyo usiseme: kiwanja kilichozungushiwa uzio katikati ya mji wa Akhisar, maduka pande zote, na paka. Tulikaa dakika 20. Mama alishika nondo za uzio akaangalia ndani kama mtu aliyefika msibani akakuta wenyewe wamehama.

"Na Sardi niliona nisirudi nayo tena," akaniambia. "Nikasema hata ukutani, Mungu ataona."

Kisha akainua sauti, akamwomba Mchungaji amuulize kiongozi: hawa watu walikwenda wapi?

Lilikuwa swali ambalo sisi tuliosoma hatukuwa tumeliuliza. Kiongozi alishika kipaza sauti cha basi akaanza kujibu taratibu. Wengine walisilimu kizazi baada ya kizazi. Wengine walikimbia vita. Lakini katika miji hii, alisema, Wakristo walikuwepo hadi juzi juzi tu, hadi babu zake walipokuwa vijana. Baada ya vita kati ya Wagiriki na Waturuki, Januari 1923, serikali mbili zilitia saini mkataba wa kubadilishana watu. Waorthodoksi wa huku, zaidi ya milioni moja, wahesabiwe Ugiriki. Waislamu wa Ugiriki waletwe huku. Kigezo kilikuwa dini, si lugha. Mkristo ambaye hakujua neno la Kigiriki, anayesali kwa Kituruki, naye akapelekwa Ugiriki.

Basi lilikaa kimya. Nje yalikuwa mashamba ya mizabibu, safu kwa safu, na pembeni ya barabara zabibu zimeanikwa juu ya maturubai kama kwetu tunavyoanika kahawa.

Filadelfia, Alaşehir ya leo, tulifika saa nane mchana. Kilichobaki ni nguzo nene za matofali za kanisa lililoitwa la Mtakatifu Yohana, zimesimama katikati ya mtaa wa watu, kuna nyumba, kuna kamba za nguo, mtoto na baiskeli. Mchungaji alisoma: "Yeye ashindaye, nitamfanya kuwa nguzo katika hekalu la Mungu wangu, wala hatatoka humo tena kabisa." Watu wakatazama nguzo. Ningesema wote tulifurahi kuona jinsi andiko lilivyokaa, ila Mama hakuwepo. Alikuwa ameshavuka barabara.

Upande wa pili kulikuwa na bibi mmoja, kilemba cha maua, ameketi kwenye kigoda mlangoni kwake anachambua zabibu kavu kwenye sinia. Mama alisimama mbele yake kama anavyosimama mbele ya usharika wa wageni, miguu pamoja.

"Salamu," akasema.

"Selam," bibi akajibu, bila mshangao wowote.

Mama akageuka kunitazama: unaona? Kisha akatoa bahasha iliyoandikwa FILADELFIA, akainyoosha kwa mikono miwili, akasema, "Sadaka."

Uso wa bibi ukabadilika. Alirudisha mikono yake kifuani na kutoa maneno makali. Kiongozi alifika akihema, akatueleza: kwa Kituruki neno ni lilelile, sadaka, lakini kwao ni ya kumpa maskini. Bibi anasema yeye si maskini. Ana nyumba, ana shamba, ana watoto watatu.

Mama hakuyumba. Alifikiri kidogo, kisha akachimbua neno ambalo sikuwahi kumsikia akilitumia nyumbani, labda alilipata kwenye taarabu za redio zamani: "Hidaya."

"Hediye?" bibi akauliza.

"Hidaya."

Basi, kigoda cha pili kikaletwa.

Tulikaa pale karibu saa nzima, ratiba ikaharibika, na mimi mwenye ratiba sikusema neno. Chai ililetwa kwenye vigilasi vidogo vyembamba, ya rangi, bila maziwa. Tangu tutue Mama alikuwa ameinunia chai hiyo kila asubuhi hotelini. Pale alikunywa vigilasi viwili. Barua ya jumuiya ikasomwa kwa mikondo ile mitatu, na ilipofika kwenye mvua za vuli bibi alitikisa kichwa, akasema na wao wanaiogopa mvua, ikinyesha sasa zabibu zote zinaoza kwenye turubai.

Mama alitaka kujua kama yeye ni mzaliwa wa hapa. Ndiyo, alizaliwa hapa. Ila bibi yake aliletwa akiwa msichana, kwa meli, kutoka Selanik.

"Thesalonike," Mchungaji akafafanua.

Mama aliweka gilasi chini. "Thesalonike ya kwenye Biblia? Ya waraka wa kwanza na wa pili?" Alipohakikishiwa kwamba ni hiyohiyo, alimshika bibi mkono na kukaa nao hivyohivyo. Sijui yule bibi alielewa nini. Alisema tu kwamba bibi yake aliacha huko mti wa tini na alikuwa akiutaja hadi anakufa.

Tulipoaga, bibi aliitoa barua na zile noti, akazikunja ndani ya kilemba chake, halafu akaona bahasha imebaki tupu mkononi. Hilo halikumpendeza. Akaingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki, akaujaza zabibu kutoka kwenye sinia, kama kilo mbili, akaiweka bahasha juu na kufunga fundo. Chombo cha watu hakirudi kitupu, hata huko.

Laodikia na Efeso nitazipitisha haraka, kama Mama alivyozipitisha. Laodikia kuna mabomba ya kale ya maji yaliyoziba kwa chokaa hadi tundu limebaki la kupitisha kidole, na kila mwongozaji anasimama hapo kueleza habari ya uvuguvugu ambao Ufunuo unawakemea Walaodikia. Mama aliingiza kidole. "Kama birika la shangazi yako Dodoma." Efeso tuliimba kwenye ule uwanja wa maonyesho wa watu wapatao 25,000, palepale umati uliposhangilia saa mbili "Artemi wa Waefeso ni mkuu", na sauti zetu 23 zilitosha kufika juu kabisa. Bandari ya Paulo imejaa tope la mto, bahari imerudi nyuma kilomita kadhaa. Ni pazuri mno, nendeni. Lakini Mama alikuwa amekaa kivulini, mfuko wa zabibu mapajani, anaulinda na nyigu.

Jumapili tuliyorudi aliitwa mbele kutoa taarifa. Alitoa bahasha tano akaziweka mezani, moja moja, akizitaja. Pergamo. Thiatira. Sardi. Laodikia. Efeso. "Hizi zimerudi. Tulipiga hodi, hatukuitikiwa." Kisha akasema, "Smirna wapo. Filadelfia wapo."

Mchungaji alikohoa. Nilijua anawaza kama amsahihishe kuhusu Filadelfia. Mwinjilisti wetu, mzee asiyekuwa na haraka, alikuwa ameshafungua Ufunuo, akanong'ona kwa sauti iliyosikika hadi kwaya: katika makanisa saba, yasiyokemewa ni mawili tu. Smirna na Filadelfia. Mchungaji akafunga ibada.

Nje, kwenye mnada wa sadaka za vitu, baada ya mayai, mkungu wa ndizi na jogoo mmoja mkorofi, mzee wa kanisa akainua mfuko. "Zabibu za Filadelfia, Ufunuo wa tatu! Nani anaanza?" Zilianzia elfu tano. Zikafika elfu sitini, akazichukua mwenye duka la vifaa vya ujenzi, naye akafungua fundo palepale akaanza kugawa, punje tatu tatu, watoto wamemzunguka. Mama alipata punje zake tatu kwenye foleni kama watu wengine.

Mhazini wa usharika alikuja na daftari. Akauliza hii elfu sitini aandike jina la nani, la mnunuzi au la Mama.

"Andika Filadelfia," Mama akasema.

Akaandika. Kalamu ikasogea kwenye safu inayofuata, ikasita. "Mtaa?"

Mama alinitazama, mimi nikamtazama Mchungaji. Safu ile mhazini akaiacha wazi.