Kilio cha Nyikani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu juma hili ni Zaburi 121:1, “Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?” Nimekuwa nalo tangu Jumatatu, pamoja na picha moja ya kuchorwa ambayo imekataa kunitoka moyoni.

Mchoraji ni Akseli Gallen-Kallela wa Finland, yule yule aliyekuja Nairobi na familia yake mwaka 1909 akachora nyika zetu. Hii ya kwao aliichora kati ya 1892 na 1894. Ni picha iliyorefuka kwenda juu. Mti mkavu umesimama, mweupe kama mfupa, na kigong'ota mweusi ameng'ang'ania shina lake. Chini kabisa, mbali, ziwa na msitu, msitu, msitu. Huoni nyumba wala moshi wala mtu. Wekundu ni mmoja tu, utosi wa yule ndege. Mchoraji mwenyewe alieleza kwamba wekundu ule ni kilio cha uhai katikati ya ukimya wa nyika.

Kilio hicho kilikuja kupata maana nzito. Wafini, yaani watu wa Finland, walikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na Februari 1899 Nikolai wa Pili alitoa tangazo la kuwapunguzia haki ya kujitungia sheria. Karatasi za saini zikapelekwa kijiji kwa kijiji juu ya theluji, na kwa muda usiofika wiki mbili watu zaidi ya 520,000 wakawa wametia saini zao. Wajumbe 500 wakasafiri hadi St Petersburg kumsihi. Hakuwapokea. Mwaka 1901 ikaja sheria ya kuwanyang'anya jeshi lao na kuwaingiza vijana wao katika jeshi la Urusi. Wako wachungaji waliokataa kuisoma kanisani, na vijana walipoitwa mwaka 1902, zaidi ya nusu hawakutokea.

Katika dhiki hiyo wachoraji walienda nyikani. Mwaka ule ule wa 1899 Pekka Halonen alichora nyika ya misonobari, na Eero Järnefelt akalichora ziwa la Pielinen jinsi lionekanavyo kutoka kilima cha Koli. Hakuna askari wala bendera, lakini kila Mfini aliyetazama alijua anaonyeshwa kitu cha kulindwa. Ninawaelewa kabisa. Mtu aliyenyimwa kusema huonyesha kwa kidole: hii ni nchi yetu.

Hata hivyo nyika ile haikuwa tupu. Wakulima walikuwa wakichoma misitu ili wapande nafaka, na huko kaskazini Wasami, wenyeji wa asili, walikuwa wakichunga kulungu wao wa nchi za baridi tangu zamani. Katika picha hizo mbili brashi iliwapita. Mungu hapiti mtu hivyo. Hajiri alikimbilia nyikani akiwa mjamzito, hana mtetezi, na hapo penye chemchemi akamwita Bwana, “Wewe u Mungu uonaye mimi” (Mwanzo 16:13).

Miaka arobaini baada ya picha hizo msitu ulikuja kupigana kweli. Urusi ya Kisovieti ilivamia tarehe 30 Novemba 1939, na askari wa Finland, wamevaa nguo nyeupe, walipita kwa skii kati ya miti na kuikatakata misafara ya adui iliyokwama barabarani. Vita ilichukua siku 105. Ungedhani nyika imekuwa ngome.

Lakini amani ya Machi 1940 ilikuwa na bei, na sehemu ya bei hiyo ilikuwa Paanajärvi, upande wa Kuusamo, pale pale Gallen-Kallela alipomchora kigong'ota wake. Watu wa huko walifunga mizigo wakaondoka. Ziwa lile leo liko Urusi. Hapo ndipo ninapousikia mstari wa pili wa zaburi yetu kwa sikio jingine: “Msaada wangu u katika BWANA, aliyezifanya mbingu na nchi.” Mtunga zaburi aliitazama milima, na hakuikataa. Ila alipoulizia msaada, macho yake yalipanda juu zaidi ya vilele.

Wapo kati yetu waliopoteza shamba, au nyumba ya wazazi, au nchi nzima. Kwenu ninyi hasa ninaandika juma hili. Jioni ya leo isomeni Zaburi ya 121 polepole, na msiharakishe kuufikia mstari wa pili. Kaeni kwanza kwenye lile swali, mlitamke kwa sauti, kila mmoja na nyika yake.