Tokyo kwa Tumbo Tupu: Kuifuata Sushi Kutoka Mnadani Hadi Mitaani

Dada mwenyeji wangu jijini Tokyo, aliyeingia Japani akiwa mwanafunzi na hakutoka tena, alikataa katakata kuniandikia orodha ya mikahawa ya sushi, yale matonge ya wali wa siki yaliyobebeshwa samaki. "Mdogo wangu, usiniulize wapi," alisema huku akinikabidhi funguo za chumba. "Niulize saa ngapi." Kisha akaniambia nilale mapema, kwa sababu teksi itakuja usiku wa manane umekwisha na alfajiri haijaingia.

Teksi yenyewe haikuwa anasa. Treni za kwanza za jiji hili huanza kutembea karibu saa kumi na moja alfajiri, na mnada wa jodari katika soko la Toyosu huanza muda mfupi baadaye. Anayetaka kuuona tangu mwanzo ama alale jirani na soko, ama alipe gari. Mwenye usingizi mzito ataridhika kufika mwishoni kwa treni ya Yurikamome na kushuka kituo cha Shijo-mae, ambacho kimeunganishwa na majengo ya soko kwa njia za juu.

Soko lenyewe halina haiba. Ni majengo makubwa meupe juu ya ardhi iliyotwaliwa baharini, yakafunguliwa Oktoba 2018 baada ya soko la zamani la Tsukiji kufungwa. Unapita korido ndefu hadi kwenye dirisha la kioo, na chini yako wamelala jodari waliokatwa mikia, kila mmoja ana namba yake. Wanunuzi wenye mabuti ya mpira wanazunguka na tochi. Mmoja anainama, anamulika pale mkia ulipokatwa, anachota kijinyama kidogo na kukisugua kwa vidole kupima mafuta. Kengele inalia, dalali anaanza kuimba bei kwa kasi, watu wanajibu kwa ishara za vidole, na samaki wa thamani ya gari jipya anabadilisha mwenyewe kabla hujajua nani kanunua.

Mnada unaovuma duniani ni ule wa kwanza wa mwaka. Januari 2019 jodari mmoja wa kilo 278, aliyevuliwa Oma kaskazini mwa Japani, aliuzwa kwa yeni milioni 333.6. Mnunuzi alikuwa kampuni yenye mikahawa mingi ya sushi. Hakuna ulimi unaoweza kuonja thamani hiyo. Kilichonunuliwa pale kilikuwa picha kwenye kurasa za mbele za magazeti, na kwa hesabu ya matangazo huenda hakikuwa ghali.

Wageni wengi wakitoka dirishani huenda moja kwa moja kwenye foleni. Mikahawa miwili mashuhuri ya Tsukiji, Sushi Dai na Daiwa Sushi, ilihamia Toyosu pamoja na soko, na watu husubiri kwa saa nyingi kula matonge kumi asubuhi. Niliitazama foleni ile nikaondoka. Wazo la kwamba sushi inanoga kadiri unavyokaa karibu na mnada halina mashiko: jodari mzuri hupumzishwa siku kadhaa kwenye baridi kabla ya kukatwa, ladha ikomae na nyama ilainike. Mpishi aliye upande wa pili wa jiji ananunua samaki walewale, na huenda anajua kuwatunza zaidi.

Nikavuka hadi Tsukiji. Soko la jumla lililokuwepo tangu 1935 limeondoka, lakini vichochoro vya nje ya soko vimebaki na maduka yake ya visu, mwani, samaki mkavu wa kukwaruzwa, na mayai ya kukunja yanayouzwa ya moto kwenye kijiti. Kuna msongamano, na bakuli za wali uliofunikwa samaki zina bei ya kupigia picha. Kwa kifungua kinywa cha kusimama, nenda. Kwa sushi ya kukaa, vumilia hadi mchana. Usipite tu bila kuingia hekalu la Namiyoke, pembeni kabisa ya soko. Uani mna mawe ya ukumbusho ya kuwashukuru viumbe wanaoliwa: jiwe la sushi, jiwe la kamba, hata jiwe la yai. Wafanyabiashara wenyewe waliyasimamisha.

Saa sita kasorobo nilikuwa mtaa wa Ginza, maana kutoka Tsukiji ni mwendo wa miguu tu. Hapo ndipo nilipoanza kuielewa ile "saa ngapi" ya dada. Kaunta za sushi za Ginza ambazo usiku hutoza yeni 30,000 na zaidi kwa mtu mmoja, baadhi yake hupika mchana kwa nusu ya bei hiyo au chini yake. Mikono ni ileile na wali ni uleule. Kinachopungua ni idadi ya vipande na vile vitoweo vya mwanzo. Dada alikuwa ameweka nafasi wiki kadhaa nyuma, na akanisomea masharti kama mama anayempeleka mtoto ukweni: fika kwa wakati, usijipulize manukato, na tonge likiwekwa mbele yako lile papo hapo. Ukighairi dakika za mwisho unatozwa, kwa kuwa samaki wako ameshanunuliwa.

Viti vilikuwa vinane, mbao za kaunta zimesuguliwa hadi zinang'aa kama kiganja kilichopakwa mafuta. Hakuna menyu. Unamwachia mpishi aamue, utaratibu unaoitwa omakase, naye anakupa kipande kimoja kimoja. Nilikuwa nimejiandaa kushangazwa na samaki, kumbe wali ndio ulionishika. Ulikuwa na uvuguvugu wa mwili wa binadamu, rangi yake ya kahawia hafifu kwa sababu ya siki nyekundu inayotengenezwa kwa machicha ya sake, pombe ya mchele ya Kijapani, na punje zilishikana vya kutosha kufika mdomoni kisha zikaachana zenyewe. Wali wa baridi uliogandamana hauokolewi na samaki wa aina yoyote. Nilipojua hilo, nilianza kuona upungufu ambao zamani ningeufunika kwa mchuzi wa soya.

Kisha akaja kohada. Ni samaki mdogo wa jamii ya dagaa, ngozi ya fedha yenye vidoa vyeusi, bei yake sokoni si ya kutisha. Mbichi hana maana kubwa. Mpishi humpasua, humtia chumvi, humwosha, kisha humtia siki, na muda wa kila hatua hubadilika kwa unene wa samaki, mafuta yake na joto la siku. Akizidisha, unakula siki tupu. Akipunguza, shombo linabaki. Dada alimwuliza mpishi, kwa Kijapani, huwa anaamuaje.

"Namgusa," alijibu.

"Na kama mkono umekosea?"

"Basi leo hayumo kwenye kaunta."

Nikaamua hapo hapo kwamba kuanzia kesho nitaupima kila mkahawa kwa wali na kohada. Jodari wa tumboni, mwenye mafuta yanayoyeyuka ulimini, humpendeza yeyote mwenye mdomo, na pesa inaweza kumnunua. Kohada hanunuliki hivyo. Ufundi wote umo mkononi mwa aliyemtia chumvi.

Kwa ndugu wasiotumia kileo nina neno hapa. Mpishi wa sushi ya namna hii mara nyingi hukupakia mchuzi juu ya tonge yeye mwenyewe kwa brashi, na mchuzi huo huwa soya iliyochemshwa na sake au mirin, divai tamu ya kupikia. Hata siki nyekundu asili yake ni hayo machicha ya sake. Sema wakati wa kuweka nafasi, si wakati umekwisha kaa. Kaunta ndogo zinaweza kuandaa mbadala zikijua mapema. Zisipoweza zitakwambia waziwazi.

Tulipotoka tulipita karibu na jengo ambalo chini yake kuna Sukiyabashi Jiro, kaunta ambayo Barack Obama na waziri mkuu Shinzo Abe walikula mwaka 2014. Wasomaji wengi wataniuliza kuhusu hiyo, basi niseme kwa kifupi: mwongozo wa Michelin, ule unaotunuku nyota mikahawa bora, uliiondoa kwenye toleo la Tokyo la 2020, si kwa sababu chakula kiliharibika, bali kwa sababu mtu wa kawaida hawezi kuweka nafasi. Kuna kaunta nyingi mno mjini humu kwa mtu kupoteza likizo akibisha mlango mmoja.

Siku zilizofuata tulishuka ngazi za bei, na safari ikanoga zaidi. Karibu na stesheni kubwa kuna vibanda vya sushi ya kusimama. Unaingia ukiwa na koti lako, unaagiza kipande kimoja au viwili, mpishi anafinyanga mbele yako na kukiweka juu ya jani au ubao, unakula kwa mkono, unalipa, unawahi treni. Nilivipenda kupita kiasi. Hakuna heshima za kutisha, na mtu asiyejua Kijapani anaonyesha kidole tu kwenye kabati la kioo. Ndivyo sushi ya jiji hili ilivyokuwa mwanzo, chakula cha haraka cha vibandani kwa wafanyakazi wa mji ulioitwa Edo, na matonge ya wakati ule yalikuwa makubwa kuliko haya ya leo.

Sushi ya mkanda unaozunguka nayo si ya kudharau. Ilianzishwa 1958 karibu na Osaka na Yoshiaki Shiraishi, aliyepata wazo alipoona chupa za bia zikipita kiwandani. Siku hizi sehemu nyingi mkanda hauzungushi tena sahani za kila mtu, hasa baada ya video za utukutu za mwaka 2023 zilizoonyesha wateja wakichezea vyakula na vyombo. Unaagiza kwenye skrini, sahani inakujia kwa reli hadi mezani. Familia zinajaa, watoto wanapiga kelele bila mtu kuwakodolea macho, na sahani za bei ya chini hazifiki yeni 200. Kohada alikuwa mkali wa siki na wali umepoa. Sikulalamika, kwa bei ile.

Na kuna ghorofa za chini za maduka makubwa, kama Mitsukoshi ya Nihonbashi au Isetan ya Shinjuku, ambako sushi hupangwa kwenye visanduku. Jioni, kabla ya kufunga, wahudumu hupita wakibandika stika za punguzo. Kina mama wa Tokyo wanajua dakika ya kusimama wapi. Dada alikuwa mmoja wao, na nilimwona akipishana kwa adabu kubwa na mwanamke mwingine huku kila mmoja akiwa ameshashika kisanduku anachokitaka.

Lakini sushi niliyoipenda kuliko zote niliila Ryogoku, ng'ambo ya mto Sumida, mtaa wa wacheza sumo. Huko ndiko Hanaya Yohei, anayetajwa mara nyingi kuwa baba wa sushi ya kufinyangwa kwa mkono, alifanya biashara yake katika miaka ya 1820. Hatukuwa na jina la mkahawa. Tulitafuta ishara: pazia la kitambaa limening'inizwa mlangoni, kwamba pamefunguliwa, vibao vya mbao ukutani vyenye majina ya samaki, vinavyogeuzwa samaki akiisha, na bei za mchana za daraja tatu, ya kawaida, nzuri na nzuri zaidi, zimeandikwa nje bila picha. Na siku yenyewe tuliichagua. Jumapili Toyosu hufungwa, na Jumatano kadhaa pia, kwa hiyo wapishi wengi hupumzika siku hizo, na aliyefungua anaweza kuwa na kabati lisilojaa.

Ndani palikuwa na mzee mpishi, mkewe anayemimina chai, na wateja watatu wanaosoma magazeti. Tuliagiza daraja la kati, likaja lote kwa pamoja kwenye sahani ya mbao kwa bei ambayo Ginza isingetupa hata chai. Wali ulikuwa na uvuguvugu. Nikamwomba dada aniongezee kohada, na yule mzee akaniinulia macho kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Alimfinyanga taratibu, mkia umekunjwa. Chumvi ilitangulia, siki ikafuata, kisha utamu wa samaki mwenyewe ukabaki peke yake kwa muda mrefu. Nikaomba mwingine. Mkewe akacheka.

Kwa kuwa tayari tulikuwa tunaongea, dada alimwuliza swali ambalo sasa nalipendekeza kwa kila msafiri, kwani wapishi ndio wajuao wenzao: siku ya mapumziko, yeye mwenyewe hula sushi wapi? Mzee akafuta kisu, akafikiri, akataja mojawapo ya zile kampuni za mkanda unaozunguka.

"Wajukuu," alieleza mkewe kwa niaba yake. "Wanataka ile yenye mahindi na mayonezi."

"Si mbaya," alisema mzee, na kugeuza kibao cha kohada, maana nilikuwa nimemmaliza.