Ubao wa "nani anajua nini" kwenye gereji yetu

Nasimamia gereji ya kampuni ya mabasi hapa Mwanza. Tuna mafundi 14 na mabasi 22 yanayokwenda Dar es Salaam kupitia Shinyanga, Singida na Dodoma. Kwa miaka mingi sikuwahi kujiuliza nani kati yao anajua nini. Tulikuwa na mzee mmoja wa injini: gari likigoma anaitwa, anakuja, linapona. Oktoba 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, hesabu ikavurugika. Magari yakaanza kuingia gereji saa nane usiku yakitakiwa barabarani saa kumi na moja alfajiri, na mzee wetu, mwenye miaka 58 na presha juu, yuko kwake amelala. Zamu ya usiku ilikuwa na mafundi wanne. Wote wanne walijua vizuri sana kumpigia mzee simu.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kozi. Nikamwendea mkurugenzi. Akanikumbusha kwamba kila mwezi tunalipa asilimia 3.5 ya mishahara kama tozo ya kuendeleza ujuzi, "na huo ujuzi wenyewe siuoni." Mwishowe akakubali, wawili wakaenda Dar wiki mbili kujifunza mashine ya kupima injini za kisasa. Walirudi na vyeti na furaha. Mashine yenyewe, kwa kuwa ni ya bei, ikafungiwa kabatini kwa mhasibu, na kuitoa ni hadi saini mbili. Miezi mitatu baadaye nikamwomba mmoja wao anisomee hitilafu. Akabonyezabonyeza, akacheka kwa aibu: "Bosi, nimesahau." Ningemlaumu vipi? Tangu arudi hajaishika.

Ndipo nikatundika ubao. Majina yanashuka upande wa kushoto, kazi zimepangwa juu: kuseti tapeti (yaani kurekebisha nafasi ya vali za injini), giaboksi, klachi, breki za upepo, umeme, kutumia mashine. Duara tupu maana yake hajawahi kuifanya. Nusu, anaifanya akisimamiwa. Kamili, anaifanya peke yake. Kamili lenye nukta nyekundu, anaweza kumfundisha mwenzake. Nikawaachia kalamu wajijazie. Jioni nakuta ubao mzima ni mweusi tii. Mlinzi wa geti, ambaye hata sikumwandika, alikuwa amejiongezea mstari na kujipa klachi.

Nikafuta yote. Tangu siku hiyo duara halijazwi mpaka kazi ifanyike mbele yangu, kwenye gari la kweli. Ilinichukua karibu wiki saba, na niliyoyaona yaliniumbua. Wawili wenye vyeti vya chuo hawakuweza kuseti tapeti bila kushikwa mkono. Msaidizi aliyeishia darasa la saba alishusha giaboksi akairudisha bila nati hata moja kubaki chini. Huyo nilimpeleka VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwenye urasimishaji, ule utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti. Amekitia kwenye fremu.

Lakini aliyenishangaza zaidi ni kijana wa tairi. Tulikuwa na basi linalokosa nguvu likipanda mlima Sekenke, likifika tambarare linapona. Tumebadilisha filta, tumesafisha tangi, na nilishaanza kuulizia bei ya pampu. Kijana akaja na mikono yake myeusi: "Kaka, naomba mita ya kupimia umeme kidogo." Nilidhani ananitania. Akaingia nyuma ya injini, akaushika waya na kuupitisha taratibu katikati ya vidole, macho kayafumba kabisa. Akasimama. Karibu na kishikizo cha chuma, plastiki ya waya ilikuwa imelika, sehemu ndogo kama ukucha. Injini ikielemewa mlimani inalala upande kidogo, waya unagusa chuma. Akaufunga tepu, akauhamishia pembeni. Basi halikusumbua tena.

Kumbe kabla ya kuja kwetu alitengeneza redio na simu mtaani miaka minne. Mimi ndiye niliyemwajiri, na kwenye fomu yetu hatukuwa tumeuliza chochote zaidi ya elimu na mdhamini. Wiki iliyofuata nikamhamishia umeme.

Kazi ngumu ilibaki kwa mzee. Nilikuwa nimempa vijana wawili wa kujifunza, lakini miezi inapita na maduara yao hayasogei. Nikaamua kukaa pembeni nitazame. Mzee anafungua kifuniko, anazungusha injini, anawaonyesha hiki na kile bila kinyongo. Ikifika pale pa kupenyeza kibati cha kupimia nafasi ya vali, anainua kichwa: "Hebu nenda kaniletee spana namba 14. Na wewe, chai." Wakirudi, kazi imekwisha.

Nikamfuata jioni. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Nikamweleza nilichokiona. Hakukataa. "Mwanangu," akasema, "nikiwapa wote hiki, mimi nabaki na nini?" Swali la haki kabisa, wala sikuwa na jibu. Nilirudi kwa mkurugenzi, tukabishana siku mbili. Tukakubaliana kwamba kila kijana atakayeseti tapeti peke yake usiku, gari likaenda Dar na kurudi salama, mzee analipwa shilingi 50,000. Na simu za usiku wa manane zinakoma. Nadhani hilo la simu ndilo lililomlainisha kuliko pesa. Ndani ya miezi miwili vijana wote wawili wakapata maduara kamili.

Mmoja wao akaondoka mwezi uliofuata. Kampuni nyingine ilimwongezea mshahara. Mkurugenzi alinisema wiki nzima, na ile 50,000 ya mzee akataka kuikata. Nilikataa. Mzee alishafundisha; kuondoka kwa kijana ni hesabu nyingine, na hesabu hiyo inahusu mishahara yetu.

Sasa mashine iko gereji kwenye kisanduku cha chuma, ufunguo anao kiongozi wa zamu. Safu ya tapeti ubaoni ina maduara kamili manne. Safu ya umeme ina moja tu, la yule kijana wa tairi, na juzi nimemsikia akiwa chini ya dashibodi akimwambia msaidizi wake, "Dogo, hebu kaniletee chai."