Pigo Moja

Mama alifika Minneapolis, Marekani, Machi 2018 na masanduku mawili, moja limejaa vitu nilivyomwambia mapema kwamba hapa vinapatikana. Nikamweleza kuwa Mei nitapiga muziki ukumbini. Usiku uleule akapiga simu Unguja kuwatangazia mashoga zake. Sikuthubutu kumwambia kwamba katika muziki wenyewe, wa dakika arobaini na kitu, matoazi yangu yanalia mara moja.

Mara moja, kweli. Simfoni ya tisa ya Dvořák, mtunzi wa Kicheki, ile aliyoiita "Kutoka Ulimwengu Mpya", ina pembetatu ya chuma ya kugongwa katika sehemu ya tatu, na hiyo pia ilikuwa kazi yangu. Lakini matoazi yamewekwa sehemu ya nne tu, pigo moja, tena la sauti ya chini. Dvořák aliimaliza simfoni hiyo mwaka 1893, alipokuwa mkuu wa chuo cha muziki New York, na Septemba ya mwaka huo akaja hapahapa Minneapolis, akaenda kutazama maporomoko ya Minnehaha. Kila nikipita pale humuuliza swali moja tu: bwana, kama ulishaamua matoazi yaingie, pigo la pili lingekupunguzia nini?

Unguja nilikuwa mpiga rika, ile tari ndogo yenye vibati, kwenye taarabu. Rika haina likizo. Waimbaji wanabadilishana, mpiga kanuni anapata nafasi ya kukaza nyuzi, wewe unaendelea. Huku, mwenzangu kazini anayepiga viola aliponiambia okestra ya mtaani kwao imepungukiwa mtu wa ngoma, nilidhani nakwenda kufanya kazi ileile. Ni okestra ya watu wa kawaida: walimu, wastaafu, daktari wa meno. Mazoezi kila Jumanne usiku, Septemba mpaka Mei, katika chumba cha muziki cha shule. Onyesho la Mei ndilo la kufunga msimu.

Zoezi la kwanza la simfoni ile nilipiga pigo langu kwa moyo wote. Mwongozaji akasimamisha watu sitini, akaniambia kwa upole kwamba hapo hapana magari yaliyogongana.

Nikajifunza. Matoazi ya okestra ni sahani mbili za shaba, nzito, zina mikanda ya ngozi ya kushikia. Ukizikutanisha uso kwa uso, hewa inafungiwa katikati, zinanyonyana, unapata sauti ya mlango wa friji. Lazima moja iwe chini kidogo ya nyingine, midomo isikutane sawa. Na kwa pigo la chini huzitupi. Unazileta karibu kabisa, karata moja ipite kwa shida, halafu unaitelezesha moja juu ya mwenzake. Kisha unaziacha zipumue kabla ya kuzizima kifuani. Sahani zilikuwa mali ya shule, haziruhusiwi kutoka, kwa hiyo nyumbani nilifanyia mazoezi vifuniko vya sufuria. Mama alinikuta jikoni nimevishika viwili, nimefumba macho. Hakuuliza.

Katikati ya Aprili ikaanguka theluji kubwa, zoezi letu la ziada la Jumapili likafutwa. Mama alisimama dirishani, shali mbili mabegani. "Na hii ndiyo masika yenu?"

Onyesho lilikuwa Jumamosi, tarehe 12 Mei, siku chache kabla ya Ramadhani. Mama alijifukiza udi mpaka king'ora cha moshi kikalia, mwanangu akapanda kiti kukizima. Wakakaa safu ya tatu, yeye, mke wangu na mtoto. Sehemu ya kwanza ilipoisha mama alipiga makofi. Ukumbi mzima kimya, kwa sababu hapa watu husubiri mpaka sehemu zote nne ziishe. Akaangalia kushoto na kulia kama mtu aliyeona utovu wa adabu, akaongeza makofi mengine matatu.

Sehemu ya nne ilipoanza nilisimama na matoazi yangu mkononi. Kuhesabu kimya kuna namna yake: moja mbili tatu nne, mbili mbili tatu nne, tatu mbili tatu nne, namba ya mbele ndiyo inayokwambia umefika wapi. Pigo langu linakuja baada ya vipimo zaidi ya sitini, kila kipimo hesabu ya moja mpaka nne. Nilikuwa arobaini na nane nilipomwona mama ameinama, kichwa kimezama ndani ya mkoba wake, anatafuta kitu. Nikamwangalia. Niliporudisha akili, sikujua ni arobaini na tisa au hamsini na moja.

Mikono ikalowa jasho. Mpiga timpani pembeni yangu alikuwa na kazi zake, hakuna wa kumuuliza. Fidla zinakimbia kama mbuzi waliofunguliwa. Basi nikaacha namba, nikatega sikio kama nilivyofanya miaka yote kwenye taarabu, ambako sijawahi kumwona mpiga rika anahesabu. Fidla zikaanza kupoa. Zikashuka. Mwongozaji akageuza jicho upande wangu, mkono wa kushoto ukainuka kidogo, na mimi nikaitelezesha ile sahani.

Shaaa.

Klarineti ikaingia na wimbo wake kana kwamba mlango umefunguliwa. Yule mzee wa tuba, ambaye Dvořák kampa noti chache katika sehemu ya pili na basi, alinigeukia akanikonyeza.

Kwenye gari mama alisema muziki ulikuwa mzuri, ila ule wimbo wa polepole wa sehemu ya pili ulitaka mwimbaji. Sikumwambia kwamba mwanafunzi mmoja wa Dvořák aliliona hilohilo, akautilia maneno mwaka 1922.

"Na mimi je?" nikauliza.

"Ile pembetatu nimeiona, ilikuwa inalia vizuri. Lakini zile sahani ulizipiga lini?"

"Sehemu ya mwisho, mama. Ulikuwa unatafuta kitu mkobani."

"Pipi ya mtoto." Akafikiri. "Nilisikia kitu kama mtu kafunika sufuria taratibu."

"Ndiyo mimi huyo."

"Mara moja tu?"

"Mara moja."

"Wanakulipa?"

"Sisi ndio tunalipa ada."

Akanyamaza taa mbili nzima za barabarani.

Kesho yake alipika pilau ya vunjajungu, tukaalika majirani wa Mombasa na Tanga. Nilikuwa nimekaa jikoni namenya vitunguu. Mama akamwaga mchele, akakoroga, akachukua kifuniko kwa mikono miwili. Akanitazama mpaka nikaacha kumenya. Kisha akakileta polepole, ukingo mmoja kwanza, akakitelezesha mpaka kikakaa.