Fremu ya mlango na bei ya sukari

Kwenye fremu ya mlango wa chumba cha watoto kuna alama kumi za penseli. Kila Januari, mwezi aliozaliwa binti yangu, namsimamisha pale pekupeku, visigino vimegusa mbao, namwekea rula utosini na kuchora mstari. Wa chini kabisa nimeuandika 2014.

Mama mkwe wangu ana duka, na daftari lake halikosi bei ya kilo ya sukari ya kila mwezi. Juzi, nikitafuta mfano wa kuwapa vijana ninaowafundisha hesabu jioni, nikaazima daftari, nikazipanga bei za Januari sambamba na zile alama. Kipimo cha uhusiano, ambacho mwisho wake ni 1, kikatoka juu ya 0.9. Binti alikuwa anachungulia begani kwangu. "Baba, kwa hiyo nikiacha kurefuka, sukari haitapanda tena?"

Nililipenda sana swali lake, kwa sababu wapo watu wazima wengi wasiouliza. Wanaletewa mistari miwili inayopanda pamoja, basi, wameshaamini.

Mmarekani Tyler Vigen alikusanya mifano ya namna hii kwa wingi. Ninaoupenda zaidi ni wa majarini. Mwaka 2000 Mmarekani mmoja alikula kwa wastani ratili 8.2, kufika 2009 zimebaki 3.7. Miaka hiyohiyo, katika jimbo la Maine, talaka zilishuka kutoka 5 hadi 4.1 kwa kila watu 1,000. Uhusiano: 0.99! Hakuna ndoa iliyookolewa na mkate mkavu. Vitu viwili vilikuwa vinashuka, kila kimoja kwa sababu zake, na miaka kumi ni michache mno.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1926 mwanatakwimu George Udny Yule alilinganisha sehemu ya ndoa za Uingereza zilizofungwa katika Kanisa la Anglikana na kiwango cha vifo, kuanzia 1866 hadi 1911. Akapata 0.95. Vyote vilikuwa vikipungua kadiri miaka ilivyokwenda, na kwa Yule hiyo ilitosha kuwaonya wenzake.

Dawa yake ni rahisi, nami nataka kila kijana wangu aijue: usilinganishe urefu na bei, linganisha nyongeza. Mwaka huu kaongezeka sentimita ngapi? Sukari nayo imepanda shilingi ngapi? Tulikaa sakafuni na binti, yeye na rula, mimi na daftari, tukatoa mwaka kwa mwaka. Ile 0.9 ikayeyuka. Mwaka aliorefuka kuliko yote, hadi sketi ya shule ikabidi ikunjuliwe pindo mara mbili, bei dukani kwa bibi yake haikusogea hata shilingi.